Zege la Ishirini na Tano

Chukua kisa cha mzee mmoja anayejenga nyumba ya ghorofa tatu, Tegeta. Si bahili wala si mzembe. Mhandisi wake alichora nguzo, akaandika pembeni: C25/30. Mzee akapiga simu kiwanda cha zege.

"Naomba bei ya zege la ishirini na tano."

"Hamna shida, mzee."

Bei ikaja nafuu kuliko alivyotarajia, naye akamshukuru Mungu.

Nguzo zikamwagwa. Msaidizi wa mhandisi akajaza zege kwenye visanduku vya chuma vya milimita 150 kila upande, akapata vipande vitatu vya mchemraba, vikalowekwa majini. Siku ya 28 vikapelekwa maabara kuvunjwa. Wastani: 27.

Mzee akamgeukia fundi. "Umeongeza maji wewe!" Tuhuma hiyo mara nyingi huwa ya kweli. Gari likikwama kwenye foleni, zege hukauka. Fundi humwomba dereva amwagie maji kidogo liteleze, na kila ndoo inayoingia hupunguza nguvu. Safari hii fundi alisingiziwa. Ulaini wa zege ulipimwa kwa koni mbele ya mhandisi, na hakuna maji yaliyoongezwa.

Muuzaji alipoitwa akaja na hati ya mzigo. Imeandikwa 25, na chini yake sahihi ya mzee.

"Mmeagiza 25, mmepata 27. Tatizo liko wapi?"

"Mimi nilitaka 30," akajibu mhandisi.

Na kila mmoja alikuwa na haki yake. Katika C25/30, namba ya kwanza ni nguvu ya silinda yenye kipenyo cha milimita 150 na urefu wa 300. Ya pili ni ya mchemraba. Zege ni lilelile. Silinda ni ndefu, kwa hiyo hupasuka mapema kuliko kipande kifupi kinachobanwa juu na chini na sahani za mashine. Wahandisi waliolelewa na BS 8110, kanuni ya Waingereza, wakisema 25 wanamaanisha mchemraba. Wanaofuata Eurocode 2, kanuni ya Ulaya, hupiga hesabu kwa silinda. Makundi yote mawili yanajenga mji mmoja. Zege la 25 kwa mchemraba, kwa lugha mpya, ni C20/25: daraja moja chini ya lile la mchoro.

Pengo lenyewe si dogo. Namba hizo ni newtoni kwa kila milimita ya mraba, hivyo mchemraba wa 30 unatakiwa ustahimili karibu tani 69, na wa 25 karibu tani 57. Tena 30 si wastani. Ni kiwango ambacho matokeo yasiyozidi asilimia 5 tu ndiyo yanayoruhusiwa kushuka chini yake, kwa hiyo kiwanda makini hulenga juu zaidi. Wastani wa 27 ulitosha kwa zege alilouza muuzaji. Kwa mchoro wa mhandisi ulikuwa umefeli kabisa.

Nguzo zikatobolewa kuchukua sampuli, hesabu zikarudiwa, na nguzo za chini zikavishwa koti la nondo na zege jipya. Gharama zote zilimwangukia mzee, maana sahihi ilikuwa yake. Fundi, nijuavyo, hakuombwa radhi.

Oda ya ghorofa iliyofuata mzee aliiandika na mhandisi akiwa pembeni: C25/30, mchemraba 30 kwa siku 28, kokoto isiyozidi milimita 20, mshuko wa koni milimita 100, maji yasiongezwe kazini bila idhini. Kama kiwanja kingekuwa ufukweni, mhandisi alimwambia, hata hilo daraja lisingefaa. Chumvi ya hewa ya bahari hula nondo, na hapo angeanzia C30/37.

Muuzaji akapiga simu.

"Mzee, hii ina bei nyingine."

"Najua, mwanangu. Niandikie hiyo nyingine."