"Mimi Nilienda, Sikupata Shida": Tunawiwa Nini Tunapoombana Ushauri wa Safari?



Shule zikikaribia kufungwa, mazungumzo ya baada ya ibada hubadilika. Kwenye meza ya chai habari za zamu za usiku na bili za umeme huwekwa kando. Watu wanaulizana bei za tiketi, ndege ipi inaruhusu mabegi mawili, heri kupitia Doha au Addis Ababa, na kama mtoto aliyezaliwa hapa Marekani anahitaji viza ya Tanzania hata kama baba na mama wote wamezaliwa Songea. (Ndiyo, akisafiri kwa pasipoti ya Marekani anahitaji.) Wengine wanakwenda Mwanza kwa bibi ambaye hajawahi kumbeba mjukuu wake. Wengine wanakwenda Kisumu kwenye matanga. Wengine wanatafuta njia ya kuwaona ndugu waliobaki kambini Nyarugusu, kule Kigoma.

Ni jambo jema. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na sisi tulio ugenini tumeishi kwa kuulizana. Nani alituonyesha basi la kwenda kazini, kama si aliyetutangulia? Lakini ndani ya mazungumzo haya kuna swali ambalo si la tiketi. Ndugu anapotuuliza kuhusu safari yake, tunawiwa nini kwake? Na yeye anayeuliza, anawiwa nini?

Tuanze na sentensi inayosikika kuliko zote: "Dada, wewe nenda tu. Sisi tulikwenda na watoto watatu, hakuna aliyepata hata homa."

Sentensi hiyo haina uongo. Tena imesemwa kwa upendo, ili kumtoa mwenzetu hofu. Lakini tujiulize inathibitisha nini. Aliyevuka mto wenye mamba akafika ng'ambo amethibitisha kwamba yeye alivuka. Hajathibitisha kwamba mto hauna mamba. Na yule ambaye safari ilimwendea vibaya mara nyingi hayupo kwenye meza ya chai kutusimulia, au yupo na amenyamaza kwa sababu ya uchungu. Hivyo meza yetu husikia zaidi habari za waliofika salama, nasi tunadhani tumesikia habari zote.

Tunaofanya kazi ya uuguzi tunalitazama jambo hili kwa macho ya malaria. Wengi wetu tulikulia nayo. Tuliugua tukapona, tukaugua tena, na mwili ukajijengea kinga fulani. Kinga hiyo haidumu. Mtu akikaa miaka mbali na mbu wa kwao, hupungua, naye akirudi anaweza kuugua vibaya kama mgeni. Mtoto aliyezaliwa hapa hana kinga hiyo kabisa, hata kama jina lake ni la babu yake wa Kigoma. Kila mwaka hapa Marekani hugunduliwa wagonjwa wa malaria wapatao 2,000, karibu wote wakiwa wametoka safarini, na wengi wao si watalii. Ni watu kama sisi, waliokwenda kusalimia jamaa. Mtalii huogopa, hivyo humeza dawa. Sisi tunakwenda nyumbani, na nyumbani hakuogopwi.

Sasa fikiria mama aliyefikia katikati ya Nairobi, ambako malaria ni chache, akimwambia mwenzake anayekwenda Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, kwamba dawa ni kupoteza pesa. Amesema kweli ya Nairobi, lakini mwenzake ataibeba mpaka Kisumu, mahali ambapo si kweli tena. Au fikiria ndugu anayetoa vidonge vilivyobaki kabatini: "Chukua hivi, mpe mtoto." Dawa ya kuzuia malaria kwa mtoto hupimwa kwa uzito wake. Doksisaiklini kwa kawaida haipewi mtoto wa chini ya miaka 8. Klorokwini tuliyoizoea utotoni haifai tena kwa malaria ya kwetu. Dawa nyingine huanza siku 1 au 2 kabla ya safari na kuendelea siku 7 baada ya kutoka kwenye eneo la malaria, na nyingine huendelea wiki 4. Anayeacha siku ndege inapotua ameacha kazi njiani. Wema wa mtoaji hauwezi kubadilisha kipimo cha dawa.

Mambo ya makaratasi nayo ni hivyohivyo. Katika benchi moja la kanisa letu wanaweza kuketi watu wanne wanaoimba wimbo mmoja kutoka kitabu kimoja, na sheria ikawatazama kwa namna nne. Mwenye uraia anakwenda na kurudi. Mwenye grini kadi akikaa nje zaidi ya miezi 6 anaweza kuvuruga hesabu ya miaka ya kuombea uraia, na akipitisha mwaka bila kibali cha kurudi anaweza kupata shida kubwa mpakani. Aliyekuja kama mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, iliyoombwa kabla ya kuondoka, na akirudi katika nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama bado anahitaji ulinzi. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu, akiondoka bila kibali cha kurudi, ombi lake huhesabiwa kwamba ameliacha. Basi yule wa kwanza akimwambia wa nne, "Kaka, usiogope, mimi uwanja wa ndege hawakuniuliza chochote," amemwazima koti lisilo lake. Na hapa si homa tu iliyo hatarini. Mtu anaweza kupoteza mahali pa kuishi na kutenganishwa na watoto wake.

Hata ushauri uliokuwa sahihi huzeeka. Zamani tuliambiwa chanjo ya homa ya manjano hurudiwa kila miaka 10. Tangu Julai 2016 cheti chake kinahesabiwa kuwa cha maisha. Kenya iliondoa viza mwanzoni mwa 2024 na kuweka kibali kinachoombwa kwa mtandao kabla ya kusafiri. Aliyesafiri miaka mitano iliyopita anakumbuka vizuri sana njia ambayo huenda haipo tena.

Maandiko yana safari inayotufundisha hapa, katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo alikuwa mfungwa katika merikebu iliyokuwa ikielekea Italia. Walipofika Bandari Nzuri, huko Krete, majira yalikuwa yamepita na bahari imekuwa ya hatari. Paulo aliwaonya kwamba wakiendelea watapata hasara. Naye hakuwa mgeni wa bahari, kwa maana katika barua yake ya pili kwa Wakorintho anasema alikuwa amevunjikiwa na jahazi mara tatu. Lakini akida Yulio aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, na wengi wakashauri waendelee mpaka Foinike, kwa sababu bandari ile haikufaa kukaa wakati wa baridi. Upepo wa kusini ulipovuma polepole, wakaona shauri lao ni jema. Tunajua yaliyofuata. Watu wote 276 waliokolewa, ila merikebu ilivunjika na shehena ilipotea.

Tuangalie kwa makini, maana ni rahisi kusema tu kwamba Yulio alikuwa mpumbavu. Alifanya ambacho wengi wetu tungefanya. Alimsikiliza mtaalamu, akasikiliza walio wengi, akatazama hali ya hewa. Lakini mwenye merikebu alikuwa na mali yake ndani, na wengi walitaka mahali pazuri pa kukaa. Kila mshauri alikuwa na kitu alichokitaka moyoni, na ushauri ukaegemea huko. Paulo alikuwa amekwisha kuona jahazi likivunjika, na sauti yake ilikuwa sauti ya mfungwa. Hivyo wingi wa washauri hautoshi kuwa kipimo, wala cheo chao. Inatupasa kuuliza pia: huyu anayenishauri ameona nini kwa macho yake, na anatamani nini?

Pengine msomaji atasema, "Basi tunyamaze. Mtu akituuliza, tumwambie aende kwa daktari na kwa wakili, yaishe." Jibu hilo lina usalama, lakini mara nyingine ni njia ya kukwepa. Daktari wa kliniki ya wasafiri hajui kwamba chumba cha wageni kwa bibi hakina neti, na kwamba kuiomba kunataka maneno ya heshima ili mwenyeji asijisikie kudharauliwa. Wakili hajui jinsi ya kuwaambia wajomba kumi na wawili kwamba pesa zimekwisha wiki ya kwanza. Hakuna mtaalamu atakayekueleza uchungu wa kufika msibani baada ya mazishi, au mtoto wako anavyoshtuka akiitwa mzungu na binamu zake. Hayo anayajua msafiri mwenzako peke yake. Tena, kumwona mtaalamu kuna gharama, na bima nyingi hazilipi chanjo za safari. Mwenye watoto wanne anayeambiwa tu "nenda kliniki" bila kuonyeshwa iliyo nafuu hajasaidiwa sana.

Kwa hiyo tunawiwa kusema, ila tunawiwa kusema kwa mipaka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Kuna maneno matatu madogo yanayoweza kuulinda ulimi: niliona, nilisikia, nadhani. "Niliona uwanja wa ndege wakidai cheti cha homa ya manjano kwa aliyetokea Kenya." "Nilisikia kwamba wanadai, sijui kwa nani." "Nadhani hawadai." Sentensi hizi tatu zina uzito tofauti kabisa, na kosa letu la kawaida mezani ni kuzisema zote kwa sauti ileile. Tukizitenganisha, anayeuliza atajua mahali pa kusimama na mahali pa kwenda kuuliza zaidi. Kisha tuongeze jambo la nne: sisi tulikuwa nani wakati ule. "Nilikuwa na uraia, sikuwa na mtoto mdogo, na nilikaa Arusha mjini." Hapo mwenzetu anaweza kupima mwenyewe kama koti litamtosha.

Anayeuliza naye ana deni lake, na pengine ni zito kuliko letu. Ni kusema hali yake ilivyo. Mama mwenye mimba ya miezi mitatu ambayo hajaitangaza anauliza juu ya ndege, hasemi kuhusu mimba, na anajibiwa kama asiye na mimba. Malaria ni ya hatari zaidi kwa mjamzito, na si kila dawa ya kuizuia inamfaa. Baba anayetumia ARV haulizi atazibebaje, maana swali lenyewe lingemfichua. Ndugu ambaye makaratasi yake hayajakamilika anauliza "kwa niaba ya rafiki". Wote hawa wanaondoka na jibu la swali ambalo si lao.

Tusiwalaumu haraka. Watu huficha mahali ambapo siri haikai. Ikiwa swali lililoulizwa Jumapili linafika kwa shemeji aliyeko Dar es Salaam kabla ya Jumatano, nani atathubutu kuuliza kweli? Hapa ndipo swali la safari linapogeuka kuwa swali la ushirika wetu. Ushauri mwema unahitaji kweli ya anayeuliza, na kweli hiyo huhitaji mtu anayejua kufunga kinywa. Jamaa isiyotunza siri hujinyima yenyewe ushauri, hata ikiwa na wauguzi, mawakili na wasafiri wa kutosha.

Basi msimu huu wa safari, tufanye machache haya. Anayesafiri aanze kuuliza mapema, angalau wiki 6 kabla, kwa kuwa chanjo na hati zinataka muda. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Dawa za kila siku zikae kwenye begi la mkononi, katika chupa zenye jina la mgonjwa, na insulini isiwekwe kwenye begi linaloshushwa chini ya ndege, kwa maana inaweza kuganda. Anayelala Dubai njiani na anatumia dawa kali za maumivu kama kodeini au tramado aulize kwanza masharti ya huko. Na mkisharudi, homa yoyote ndani ya mwaka mmoja isisubiri kesho. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe, "Tumetoka Afrika, tunaomba kipimo cha malaria." Daktari wa hapa anaweza asilifikirie mwenyewe.

Asiyesafiri mwaka huu naye ana kazi. Akiulizwa, aseme alichokiona, ataje pale ujuzi wake unapoishia, amsindikize mwenzake mpaka kwa anayejua zaidi, na alichoambiwa kikae kifuani mwake. Anayetaka kuuliza jambo la afya faraghani, wauguzi wa kanisa tupo chumba cha watoto kila Jumapili baada ya ibada ya pili, na mlango hufungwa.

Bwana awatangulie njiani, awafikishe salama, na awarudishe kwetu mkiwa na habari za kweli.