Wikendi Huanza Lini Nyamira?

Ijumaa jua likielekea kuzama, nyumba za Wasabato wa Kisii na Nyamira, nchini Kenya, huingia katika pilikapilika: maji yachotwe, nguo zipigwe pasi, chakula cha kesho kiive. Huku karibu na ikweta jua halina ugeugeu. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja. Likishazama, kazi husimama. Wakati huohuo, wafanyakazi wa ofisini wanaagana: "Wikendi njema!"

Je, wanaingia katika siku moja?

Neno wikendi tumelipokea kutoka kwa Waingereza, walioliunga kwa "juma" na "mwisho". Kwao lilishika mizizi katika karne ya 19, wafanyakazi wa viwandani walipoanza kuachiwa Jumamosi mchana. Limezaliwa, basi, na kengele ya kiwanda: mapumziko ni kile kinachobaki kazi ikishatosheka. Ndiyo maana zamu ikiongezwa, wikendi hupungua na hakuna anayehisi kwamba ahadi imevunjwa.

Sabato haipunguzwi hivyo. Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na mwaka 1912 wakaanzisha misheni Nyanchwa, Kisii. Siku waliyoihubiri ina mpaka wake, machweo hadi machweo, kazi iwe imekwisha au haijaisha. Kiswahili nacho kina hesabu kama hiyo: kwa wazee wa pwani, usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata machweo ya Ijumaa. Lakini Jumamosi kwa jina lake ni siku ya mosi. Msabato huiita ya saba.

Mwaka 2016 suala hili lilifika mbele ya taifa zima. David Maraga, Msabato mzaliwa wa Nyamira, alikuwa akihojiwa kwa wadhifa wa Jaji Mkuu. Akaulizwa: itakuwaje kesi ya uchaguzi wa rais, ambayo Katiba huipa siku 14 tu, ikisikilizwa Jumamosi? Alijibu kwamba ingemwia vigumu sana kuketi, na kwamba angezungumza na majaji wenzake. Akateuliwa. Kesi ikaja kweli Agosti 2017, na Septemba 1 hukumu ikatolewa, siku 14 zikiwa hazijapitwa. Kifungu cha 32 cha Katiba hiyohiyo kinalinda uhuru wa kuadhimisha siku ya ibada.

Jumamosi jua likizama, Msabato hufungua duka lake. Nyumba ya pili, jirani Mkatoliki ndio kwanza anapasha pasi moto kwa nguo za misa ya kesho.