Mwanangu, Kiulize Kichwa Kwanza

Mwanangu, nakuona. Kichwa kikigonga kidogo tu, umeshafika dukani kununua vidonge. Keti kidogo. Kuumwa kichwa si ugonjwa mmoja.

Upo ule wa uchovu na mawazo. Huu hubana pande zote mbili, kama kilemba kilichokazwa kupita kiasi, na shingo na mabega hukaza. Haukutapishi, na kazi zako unaendelea nazo. Mara nyingi hutulia kwa maji, chakula, usingizi, na kuiweka chini hiyo simu.

Kipandauso ni kingine. Aghalabu hushika upande mmoja, hupwita, na kisipotibiwa hukaa muda wa saa 4 hadi siku 3. Kilipomshika shangazi yako, tulifunga madirisha na kuzima redio. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ilitosha kumtapisha. Majirani walisema ana mashetani. Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia ajikaze. Kipandauso hakitibiwi kwa kujikaza. Kinataka giza, utulivu, na dawa mapema kabla hakijakolea.

Kuna kinachochoma nyuma ya jicho moja. Jicho hilo hutoa machozi, pua ya upande huo huziba, na mtu hawezi kutulia. Hurandaranda chumbani usiku. Huyo mpeleke kwa daktari, kwani vidonge vya dukani havimsaidii.

Tena kuna kinacholetwa na dawa zenyewe. Hiki nakijua. Nilitembea na vidonge mfukoni. Kila nikiamka kichwa, kila nikiamka kidonge. Daktari wa zahanati hakunipa dawa nyingine. Aliniuliza nameza mara ngapi kwa mwezi, nikaona haya kumjibu. Ukimeza parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokirudisha kichwa. Nilipoacha kiliuma zaidi kwanza, ndipo kikapungua. Hapo ndipo subira inapohitajika, mwanangu.

Lakini kuna vichwa visivyongojwa. Kichwa na homa, kapime malaria. Usinunue dawa mseto kwa kubahatisha. Homa ikija na shingo iliyokakamaa, huenda ni homa ya uti wa mgongo. Kichwa kilicholipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Kichwa na mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuvurugika. Kichwa kinachozidi baada ya kuanguka na bodaboda. Kichwa kikali cha mjamzito anayeona vimulimuli, hasa baada ya wiki 20. Hapo usingoje kupambazuke. Nenda hospitali.

Hivyo vingine, chukua daftari. Andika kimeanza lini, kinauma wapi, ulikula nini, ulilala saa ngapi, umemeza nini. Kikiendelea kukurudia, mpelekee daktari daftari hilo. Atakutibu vizuri zaidi kuliko ukimwambia tu kwamba kichwa kinauma.