Mficha Maradhi na Mcheshi wa Kilabuni

Mjini Tunduma, methali ya mficha maradhi imegeuzwa rungu. Mlevi husimamishwa mbele ya waumini, huamriwa ataje yote, kisha mzee mmoja humalizia: "Kifo humuumbua!" Majirani huondoka na habari za kusimulia wiki nzima. Tiba iko wapi hapo? Methali inamwonya mwenye maradhi. Haikumpa mtazamaji kibali cha kumvua nguo.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba kuficha ni kunyamaza. Enzi za viroba vya pombe kali, kabla havijapigwa marufuku Machi 2017, mtu alificha pakiti mfukoni mwa shati. Serikali iliondoa pakiti, maficho yakabaki. Nenda kilabuni jioni, malori yakiwa kwenye foleni ya kuvukia Nakonde, Zambia. Anayeitangaza pombe yake kuliko wote ndiye mgonjwa kuliko wote. "Mimi na komoni tumefunga ndoa, talaka hakuna!" Watu hoi kwa kicheko, naye anaongezewa. Utasema huyu hana siri. Kumbe humo kwenye kicheko kafukia ada ya mtoto aliyoinywa, mikono inayotetemeka asubuhi, na mke aliyerudi kwao.

Basi anayetaka kuacha pombe aache na mzaha? Wapo wanaohubiri hivyo, eti toba haina kicheko. Nakataa. Upo mzaha unaomletea mchekeshaji kinywaji, na upo unaomgharimu. Dereva mmoja aliyeacha alituambia: "Niliuza baiskeli nipate hela ya pombe, kisha nikalalamika kwamba kilabu kiko mbali kwa miguu." Waliocheka zaidi ni wale ambao nao waliwahi kuuza vya ndani. Hapakuwa na mimbari kati yao. Ndivyo Bill Wilson na daktari Bob Smith walivyoanza huko Akron, Marekani, mwaka 1935: mlevi akizungumza na mlevi mwenzake. Kikatokea chama cha Alcoholics Anonymous, kinacholinda majina ya watu wake. Huko mtu husema ukweli wote bila kuanikwa sokoni.

Nasi tunao utani, ila tunauchelewesha. Msibani mtani humwiga marehemu alivyoyumba, alivyogombana na mbuzi njiani, na wafiwa hucheka huku wakilia. Hapo methali imetimia: kifo kimeumbua, kwa kinywa cha mtani. Kwa nini asubiri jeneza? Angemfuata mtu wake angali hai, wakiwa wawili, amwigie kuyumba huko huko, angemwambia jambo ambalo mchungaji hawezi kulisema bila kumtia aibu. Siku hizi tunapenda zaidi kumrekodi mlevi kwa simu na kumrusha kwenye kundi la WhatsApp. Huo si utani. Mtani hujulikana, na kesho yake naye hutaniwa.

Mzaha, hata hivyo, ukomee mlangoni kwa daktari. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kuweweseka, kupata degedege, hata kufa. Zipo dawa za kumvusha salama. Lakini daktari atazipima vipi iwapo anaambiwa "kidogo tu, za wikiendi" na mtu anayeanza alfajiri? Hapo zitajwe lita, itajwe na saa ya kopo la kwanza. Na kama amesindikizwa na mkewe, amwachie ataje alizozisahau.