Nani Ameshika Rimoti?

Andiko la wiki: 1 Timotheo 6:17-18



Juma hili nataka kuwasimulia habari ya wazee wanaocheza na treni. Msicheke bado. Mimi pia nilicheka, halafu nikafunzwa adabu.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nikisomea digrii ya biashara, nilipata bahati ya kusoma muhula mmoja Ujerumani, karibu na jiji la Hamburg. Nilikaa kwa mwenyeji mmoja aliyestaafu, aliyekuwa amefiwa na mke. Nilimwita Mzee tu, na akalipenda hilo jina baada ya kumweleza kwamba kwetu si tusi. Siku ya pili akaniteremsha kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Nilitarajia makochi na televisheni. Nikakuta reli. Reli imezunguka kuta zote, na stesheni, na daraja, na kanisa dogo lenye theluji ya unga juu ya paa.

Treni zake zilikuwa za kipimo kinachoitwa HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli ya kweli ya kule ina upana wa milimita 1,435, sawa kabisa na SGR yetu. Ya Mzee ilikuwa milimita 16.5. Abiria aliyesimama stesheni akingoja treni alikuwa na urefu wa sentimita mbili hivi, na mkononi ameshika mkoba. Mzee alikuwa ameupaka mkoba huo rangi kwa brashi nyembamba kama sindano. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka arobaini.

Nikajiuliza swali ambalo najua wewe pia unajiuliza: mtu mzima, na akili zake, anatumiaje pesa na miaka kwa kitu cha kuchezea? Ukisoma andiko letu la wiki utaona Paulo anamwambia Timotheo jambo ambalo sisi walokole huwa tunaliruka haraka. Anasema Mungu ndiye anayetupa vitu vyote kwa wingi, na anatupa ili tuvifurahie. Kufurahia si dhambi. Lakini sentensi haiishii hapo. Mstari unaofuata anawaagiza watu hao hao wawe wakarimu, wawe tayari kushirikiana na wengine. Furaha na kushiriki ameviweka bega kwa bega. Swali langu la leo liko katikati ya hivyo viwili: kitu ninachokifurahia, tena nimekitolea jasho, nikikiweka mikononi mwa wengine bado ni changu? Na nisipokiweka, ni changu kweli?

Kule Ulaya na Marekani treni hizi zimeshikana sana na Krismasi. Mwaka wa 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig reli za kuchezea zilizotengenezwa kwa vipimo maalum. Hesabu yao ilikuwa ya kibiashara, na ni hesabu nzuri: ukimnunulia mtoto seti mwaka huu, Krismasi ijayo unamwongezea behewa, inayofuata unamwongezea daraja, na kila kitu kinaingiliana na cha kwanza. Kule New York, Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni yake mwaka wa 1900. Treni yake ya kwanza ilikusudiwa kupamba dirisha la duka ili kuvutia wateja. Wateja wakaja, wakaacha bidhaa, wakataka treni yenyewe. Tangu hapo, familia nyingi huko huitandaza reli chini ya mti wa Krismasi, ikazunguka na kuzunguka.

Sasa, Jumamosi moja kabla ya Krismasi, Mzee akaniambia nimsaidie kubeba. Tulibeba vipande viwili vya stesheni yake, kila kimoja kama urefu wa meza ya chai, tukavipeleka kwenye ukumbi wa shule moja ya mtaani. Tukakuta watu kama kumi na wawili, wanaume na wanawake, kila mmoja na vipande vyake. Mmoja amejenga msitu, mwingine bandari, mwingine shamba lenye ng'ombe. Kila mtu alikuwa amejenga kwake, peke yake, kwa miezi. Siku hiyo walikuja kuviunganisha kichwa kwa kichwa, mpaka reli ikazunguka ukumbi mzima. Treni ya huyu ikapita kwenye daraja la yule, ikasimama stesheni ya Mzee, ikaendelea. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuwa na reli ndefu namna hiyo nyumbani kwake.

Mambo mawili yalitokea siku hiyo. Yote mawili nimeyabeba mpaka leo.

La kwanza. Kijana mmoja alifika akiwa mgeni katika kundi. Kipande chake kilikuwa kizuri kuliko vyote. Kijiji kizima, na taa ndogo ndani ya madirisha. Lakini walipojaribu kukiunganisha, mwisho wa reli yake ulikuwa umepotoka milimita chache tu. Treni ikifika pale inaanguka. Mimi nikafikiri, ah, ni Krismasi, si wamvumilie tu? Hawakumvumilia. Mzee alimwambia waziwazi kwamba hivyo haiwezekani. Ila hakumwambia aende nyumbani. Yeye na mwenzake mmoja walivuta viti, wakatoa tupa na bisibisi, wakakaa naye karibu saa mbili wakinyoosha ule mwisho. Mashimo ya kijana, rangi zake, taa zake, hawakuzigusa. Baadaye nilielewa sababu. Katika mchezo huu, katikati ya kipande chako unajenga unavyotaka, lakini ncha lazima zifuate kipimo cha wote. Marekani wapenzi wa treni waliunda chama chao cha kitaifa mwaka wa 1935, na moja ya shida iliyowakutanisha ilikuwa hiyo hiyo: kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake, behewa la huyu halishikani na la yule. Ulaya nako kuna chama kiitwacho FREMO, tangu 1981, ambacho wanachama hujenga vipande nyumbani kisha wakakutana kuviunganisha. Bila kipimo kimoja, mkutano wao ungekuwa watu wengi ndani ya ukumbi mmoja, kila mtu na meza yake.

La pili. Alasiri milango ikafunguliwa, watoto wa mtaa wakaingia. Mzee alikuwa na kichwa cha treni alichokipenda, cheusi, cha mvuke. Akamwita kasichana ka miaka saba hivi, akampa rimoti. Akampa mkononi, akarudi nyuma hatua mbili. Nikashtuka, maana mimi mwenyewe, mgeni wake wa miezi mitatu, nilikuwa bado naiogopa hiyo rimoti. Kasichana kakaongeza mwendo. Kona ikafika. Kichwa kikaacha reli, kikadondoka sakafuni, na kila mtu akasikia.

Ukumbi ukanyamaza. Mtoto akaanza kutetemeka midomo. Mzee aliinama akaokota vipande. Niliuona uso wake, na sitawadanganya, aliumia. Alikaa kimya kidogo. Kisha akatia vile vipande kwenye mfuko wa shati, akaleta kichwa kingine cha zamani, akakiweka relini, akamwambia yule mtoto: "Kona ile, punguza kwanza."

Usiku tukirudi nilimuuliza kile kichwa kiligharimu pesa ngapi. Si mnajua mtu wa biashara. Akanitajia. Ilikuwa zaidi ya pesa zangu za chakula za mwezi mzima. Nikamwambia, basi kwa nini ulimpa mtoto? Akajibu kwamba angetaka kisianguke angekiacha kabatini, na vichwa vya kabatini haviendi popote.

Nilirudi Kenya na hadithi hiyo, nikawa naisimulia. Watu waliipenda. Lakini kuipenda hadithi ni jambo moja, na sasa naomba niungame jambo lingine.

Wengi wenu mnakijua kinanda changu. Nilikinunua miaka mitatu iliyopita kwa pesa ya chama, zamu yangu ilipofika baada ya miezi kumi na minne ya kuchanga. Nilikishonea kifuniko. Nikakitafutia kabati yenye kufuli. Kulikuwa na kijana wa shule ya Jumapili, miaka kumi au kumi na mmoja, ambaye kila tukifanya mazoezi alikuwa anasimama pale pembeni ya nguzo, macho yote kwenye vidole vyangu. Siku moja akanisongea. "Pasta, naeza guza kidogo tu?" Nikamwambia, "Hiki si cha kuchezea." Sikumfokea. Nilisema kwa upole kabisa, tena nikitabasamu. Aliendelea kusimama pale nguzoni Jumapili kama nne hivi. Halafu akaacha. Halafu yeye na mama yake wakahama mtaa, na mimi sijui walienda wapi.

Chuoni tulifundishwa kwamba mali, kwa maana ya sheria, ni haki ya kumzuia mwingine. Kama huwezi kumzuia mtu asikitumie, huna mali. Kwa maana hiyo kinanda kilikuwa changu mia kwa mia. Lakini tulifundishwa pia somo la uchakavu. Kifaa ukikipa maisha ya miaka mitano kwenye vitabu vya hesabu, kila mwaka unapunguza sehemu ya thamani yake, hata kama hakuna aliyekigusa. Mwaka wa tano kimefika sifuri, kiwe kimechezwa kila siku au kimekaa kabatini na kifuniko chake kizuri. Nilikuwa najua hesabu hiyo. Sikuwahi kuifanyia kinanda.

Najua kuna mtu atasema: Pasta, unataka tuwape watu kila kitu? La. Mama anayelisha watoto kwa cherehani, cherehani ile ni mkate wake, na kumwambia amwachie kila anayepita ni kumnyang'anya mtoto wake chakula. Mzee mwenyewe hakumpa yule mtoto funguo za nyumba. Nazungumzia vile vitu ambavyo Mungu ametupa tuvifurahie, na ambavyo tukivitoa hatulali njaa. Hapo ndipo wengi wetu tunajidanganya, kwa sababu tunachanganya kuonyesha na kushiriki.

Hebu fikiria Disemba yetu. Tunafika ushago na gari limeoshwa, simu mpya, spika kubwa. Watoto wa ndugu zetu wanazunguka wakitazama. Tunahisi tumeshiriki baraka. Lakini jiulize swali dogo: nani ameshika rimoti? Kama kila kitu bado kiko mikononi mwangu na wao kazi yao ni kutazama, nimeonyesha tu. Kuonyesha si kosa. Pale Hamburg, kwenye maghala ya zamani ya bandari, ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka wa 2001 maonyesho makubwa ya treni ndogo yaitwayo Miniatur Wunderland. Watu wanalipa kiingilio, wanafurahi, na ni biashara halali. Hata wao wameweka vitufe ambavyo mgeni akibonyeza, kitu kinasogea. Wanajua kwamba binadamu anataka kugusa.

Na masharti je? Yale yaliyotokea kwa kijana mwenye kijiji kizuri yamenisaidia hapa. Kuna sharti linalomfungia mtu nje, na kuna sharti linalomwingiza ndani. Ukitaka kuyatofautisha, angalia mwenye sharti yuko tayari kufanya nini. Wale wazee walikuwa na sharti kali kuliko langu, la milimita. Lakini walivuta viti wakakaa saa mbili kumsaidia mgeni alitimize. Mimi nilimwambia mtoto kinanda si cha kuchezea, na sikumpa hata dakika mbili za kumfundisha jinsi ya kukigusa. Sikuwa nalinda kinanda. Nilikuwa nalinda raha ya kuwa mtu pekee anayekicheza.

Basi hili ndilo nimeamua. Jumamosi zote za Disemba, kuanzia saa nane hadi saa kumi alasiri, kinanda kitakuwa ukumbini bila kufuli, na mimi nitakuwepo. Masharti ni matatu: mikono iwe safi, tuende kwa zamu, soda na maji vikae mbali. Asiyejua, tutamwelekeza. Kikiharibika, tutatafuta fundi, na labda nitaumia siku mbili tatu.

Na kama kuna mshirika anayemkumbuka yule mama aliyekuwa akikaa safu ya tatu upande wa madirisha, pamoja na kijana wake aliyekuwa akisimama kando ya nguzo, na unajua walikohamia, tafadhali nipate baada ya ibada. Nina neno la kumwambia kijana, na ningependa kumwambia mimi mwenyewe.

Mungu awabariki.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
1. Taja kitu kimoja ulicho nacho kwa ajili ya furaha tu. Mara ya mwisho mtu mwingine alikishika lini?
2. Katika kikundi chetu au familia yetu, ni sharti gani tumeliweka bila kumsaidia mtu yeyote kulitimiza?