LUKU Haioni Kila Kitu

Mwanangu, kaa. Hiyo chaja ya betri unayoiunda nimeiona, na mkono wako nausifu: risasi imeshika vizuri, waya zimelala sawa. Lakini nimeona pia ulivyoupitisha umeme kwenye dayodi nne ukaufikisha moja kwa moja kwenye kapasita kubwa, ukaridhika. Hili nimewaambia vijana wengi wa karakana za hapa Irente mpaka nimechoka. Wewe nakuambia tena, polepole.

Kapasita hiyo haivuti umeme wakati wote. Inangoja volti zikaribie kilele, inavuta kwa mkupuo, kisha inanyamaza; hivyo mara 100 kila sekunde. Mzigo wa wati 1,000 kwenye volti 230 ungetosheka na ampea 4.3. Kwa mtindo wako pawa fakta, yaani wati ukizigawa kwa volti mara ampea, hushuka hadi kama 0.6, na waya hubeba ampea 7 na ushei. Joto la waya hukua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo umeme unaopotea njiani unakaribia mara tatu. Mita ya LUKU haikudai hata senti kwa hilo, maana inahesabu uniti tu. Wenye viwanda TANESCO huwatoza pia kwa kVA, yaani kwa volti mara ampea, nao hujirekebisha wapende wasipende. Wewe hakuna wa kukushika, ndiyo maana nasema na dhamiri yako.

Fikiria njia ya umeme wenyewe. Bonde la Pangani lina mtambo wa Hale, megawati 21, tangu 1964, na New Pangani Falls, megawati 68, tangu 1995. Umeme ukishapanda mlima huu mpaka ukafika kwenye genge letu, kila ampea ya bure unayovuta inamshushia volti aliye nguzo ya mbele. Yule seremala wa nguzo ya mwisho, mota ya randa yake ikinguruma bila kuzunguka, hajui kwamba sehemu ya haki yake imeishia kwako.

Najua utaniambia uweke kapasita mlangoni, kama tunavyofanya kwenye mota. Mota mkondo wake unachelewa nyuma ya volti, na kapasita huuvuta mbele. Wako haukuchelewa, umevunjika umbo. Dawa yake ni kipandisha volti: koili, dayodi, na transista inayofunga na kufungua makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ili mkondo ufuate wimbi la volti hatua kwa hatua. Hapo pawa fakta inapita 0.95.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanapounguza vifaa. Kilele cha volti 230 ni 325. Laini ikipanda usiku hadi 265, kilele kinafika 375. Kwa hiyo toa volti 400, na kapasita iwe ya 450. Halafu usisuke koili kwa hesabu ya 230 ya vitabuni. Mzigo haupungui volti zikishuka, unazidi kuvuta: kwenye 170, wati zile 1,000 zinataka karibu ampea 6, na kilele chake kinapita 8, kabla hata ya kuhesabu hasara za mashine yenyewe. Kiini cha koili kikishashiba sumaku hakizuii tena kitu, na transista inakufa papo hapo. Weka na kikomo cha chini cha volti, mashine izime yenyewe kuliko kuizamisha laini nzima.

Na kapasita yenye chaji ya volti 400 inaweza kuua hata plagi ikiwa imechomolewa. Iwekee rizista ya kuitoa chaji, na upime kabla ya kugusa, kila mara, hata ukiwa na haraka.

Chaja iache mezani leo. Nenda kwa yule seremala jioni, taa za watu zote zikiwa zinawaka, upime volti zake randa ikifanya kazi, uniletee namba. Koili tutaisuka kwa hiyo namba.