TAFAKURI YA LEO: Mdomo Nao Una Dhamana



Ndugu zangu, Ramadhani iliyopita kijana mmoja wa hapa Ngamiani alinipigia simu baada ya tarawehe. Friji lake linakata fyuzi kila akiliwasha, afanyeje? Mimi umeme niliusoma kidogo tu chuo cha ualimu, lakini nikajibu kama fundi: "Weka kipande cha waya, litawaka tu." Kweli likawaka. Wakati wa daku waya ukapata moto, pazia likashika, godoro la watoto likaungua. Alhamdulillah watoto walikuwa uani wanakula.

Kijana hakunidai hata shilingi. Mimi ndiye niliyebaki najiuliza: je, nadaiwa?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayetibu watu na hajulikani kwa utabibu, madhara yakitokea dhamana ni yake. Iko kwa Abu Daud. Nikajitetea: huyo katia mkono, mimi nimetia mdomo tu. Tena Imamu Nawawi, katika utangulizi wa Al-Majmuu, amenukuu kauli ya Abu Is'haq Al-Isfarayini kuhusu fat'wa ya makosa iliyoleta hasara: aliyeitoa akiwa mwenye sifa, analipa. Asiye na sifa halipi, kwani muulizaji ndiye aliyezembea kumuuliza asiyejua. Nikasema, basi nimepona.

Kisha nikaikumbuka hadithi ya Jabir, nayo iko kwa Abu Daud. Mtu alijeruhiwa kichwa safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba wangeuliza kama hawajui.

Angalia, ndugu yangu: wale hawakumgusa. Walimjibu tu.

Basi mbele ya kadhi huenda ningetoka salama. Mbele ya Allah, Suratul Israa aya ya 36 inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Nikaenda kwa yule kijana, nikakiri kosa, nikamnunulia godoro.

Sisemi tunyamaze. Anayetakwa ushauri kaaminiwa, na kuficha unachokijua nako ni kosa. Ila tushike haya matatu:

1. Hujui? Sema "sijui." Haikupunguzii heshima.
2. Unajua nusu? Sema nusu yako inaishia wapi, kisha mwelekeze kwa mwenyewe. Umeme ni wa fundi mwenye leseni ya EWURA, mashine ya boti ni ya fundi wa mashine.
3. Umekosea na mtu kapata hasara? Usijifiche nyuma ya "nilitaka kusaidia tu." Nenda, kiri, mtengenezee kwa uwezo wako, kabla Idd haijafika.

Leo kabla ya futari, mkumbuke mmoja uliyemjibu bila kujua. Mpigie.

Ewe Mola, zihifadhi ndimi zetu kama unavyoipokea saumu yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.